Kwenye mfumo baba yangu alikuwa mzima: niliyoongea ghalani Newala kuhusu hela ya chuo

Jumamosi niliitwa kuongea na vijana waliomaliza kidato cha sita pamoja na wazazi wao huku kwetu Newala, tukakaa kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima wa korosho maana ukumbi ulikuwa na harusi. Tangu siku hiyo watu wananiomba niwatumie nilichosema na mie sikuwa nimeandika kitu, ila mdogo wangu alinirekodi kwa simu, kwaiyo nimekaa jana usiku nimeiandika kama ilivyotoka. Nimepunguza pale nilipokuwa narudia rudia na pale upepo ulipokuwa unapiga mabati hadi hatusikilizani.

Asalaam alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu shikamooni, mama zangu, shangazi zangu, wajomba zangu shikamooni. Wadogo zangu mambo vipi. Mwenyekiti wa chama ahsante kwa ghala, leo tumekalia magunia matupu, Mungu akijalia Oktoba yajae tukose pa kukaa.

Wengi hapa mnanijua, na asiyenijua mie basi anamjua mama yangu, yule aliyekuwa anauza ming'oko, vile viazi vya porini, pale stendi na beseni la kijani. Ndo huyo. Sa hivi mie ni muhasibu, nakaa Mtwara mjini, na kila mwisho wa mwezi kabla sijaiona mshahara yangu Bodi ya Mikopo imeshakata ya kwake. Kwaiyo nikiongea mkopo siongei vya kusikia.

Sikuja kuwaambia msome kwa bidii, hiyo mmeshaambiwa na mitihani mmeshamaliza, yaliyobaki ni ya Mungu na NECTA, baraza la mitihani. Nimekuja kuongea karatasi. Kwa niliyoyaona mie, mtoto wa maskini wa huku kwetu anakosa mkopo wakati umaskini wake kila mtu kijijini anaujua, hadi mbuzi wanaujua (watu wakacheka), ila haujaandikwa popote. Na kuuandikisha umaskini nako kunataka hela, kunataka nauli, kunataka na muda. Hapo ndo tunapoachwa.

Baba yangu alifariki nikiwa darasa la nne. Alifia nyumbani, tukazika siku ileile saa kumi, watu wa msikitini wote wapo, mwenyekiti wa kitongoji yupo, hata chifu wa ngoma alikuwepo. Hakuna aliyewaza cheti. Cheti cha kifo cha nini, marehemu tumemzika wenyewe kwa mikono yetu, nani atabisha? Nikasoma hadi kidato cha sita hakuna aliyebisha. Mwaka 2017 nikaomba mkopo na Bodi ikabisha.

Yaani haikubisha kwa maneno. Fomu inauliza baba yupo hai au amefariki, ukisema amefariki weka cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo. Sina. Nikapanda wilayani, nikaambiwa rudi kijijini uanze na mtendaji aandike barua. Mtendaji yupo semina. Siku ya tatu nampata, anaandika, narudi wilayani, naulizwa jina la marehemu nasema Bakari, wananiambia mbona cheti chako cha kuzaliwa kimeandikwa Abubakari. Nikasema ni huyohuyo. Akacheka yule dada, hakunicheka kwa ubaya, akaniambia mdogo wangu wewe unajua ni huyohuyo na mie naamini ni huyohuyo ila karatasi haijui. Nikatakiwa niende kwa wakili nikaape kwamba Bakari na Abubakari ni mtu mmoja. Wakili yupo Masasi, wa hapa alikuwa amesafiri. Nauli ya Masasi sina, mama kauza ming'oko siku mbili nikapata, kurudi na kiapo dirisha la maombi limebaki siku nne, na zile fomu miaka ile ukishajaza mtandaoni unaziprinti, zinasainiwa, unazituma Dar kwa EMS ya posta.

Nikatuma bila cheti cha kifo. Nikajipa moyo kwamba wataelewa.

Sasa sikilizeni wazee wangu. Kule hamna mtu anayekaa na kusema huyu binti wa Newala tunamwonea huruma. Kuna mfumo, unapiga hesabu. Hujaweka cheti, basi baba yupo. Kwenye mfumo baba yangu alikuwa mzima wa afya njema anafanya kazi zake, hela ya ada tu ndo alikuwa hatoi. Majina yakatoka awamu ya kwanza simo, ya pili simo, likafunguliwa dirisha la rufaa na mie niko chuo Dar es Salaam sina hata hela ya kukaa intaneti.

(Hapa mzee mmoja akanyoosha mkono akasema enzi zao walikuwa wanasoma bure na waranti ya kusafiria wanapewa, sasa hii mikopo ni ya nini.)

Babu umesema kweli kabisa, enzi za Mwalimu ilikuwa hivyo, na waliosoma kipindi hicho ndo waliokuja kutuletea sera ya kuchangia gharama miaka ya 90 (makofi). Mikopo ikaanza, madeni yanahesabiwa tangu Julai 1994, Bodi yenyewe ikaundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na ikaanza kazi 2005. Siwezi kulirudisha hilo babu. Tuongee kilichopo.

Na kilichopo tusikidharau. Kidato cha kwanza hadi cha nne ada imefutwa tangu 2016, cha tano na sita imefutwa tangu 2022. Kwaiyo mzazi wa leo anafika hapa hajawahi kulipa ada ya serikali hata mara moja, halafu ghafla bin vuu mtoto anakuja na barua ya chuo ina milioni moja na laki kadhaa ndani. Ndo maana wazazi wengi wanashtuka. Zamani mtu alikuwa anazoea kidogo kidogo tangu sekondari, sa hivi ni kama unatembea kwenye tambarare unajikuta uko Shimo la Mungu, lile bonde letu la hapa Newala.

Nirudi kwangu. Mwaka wa kwanza nani alinibeba? Mjomba. Na hapa nataka niongee kidogo maana Bodi ipo mbali na hawatujui. Sie Wamakonde mtoto ni wa mjomba. Baba akifa, na hata akiwa hai, mjomba ndo anaulizwa mtoto anasoma wapi anaolewa wapi. Lakini fomu inataka baba, mama, kisha mlezi. Nimeona watoto wa huku wanajaza jina la mjomba kwenye sehemu ya baba kwa sababu ndo baba anayemjua! Kisha cheti cha kuzaliwa kina jina jingine, hapo umeshajitia kwenye shida. Mjomba aandikwe mlezi, au awe mdhamini wako, na mdhamini anatakiwa kitambulisho na picha. Sehemu ya baba andika baba, hata kama hujawahi kumwona uso.

Sasa mjomba wangu, chuo kinafungua mwisho wa Oktoba, wanataka nusu ya ada ndo wakusajili, na korosho ipo mtini inadondoka moja moja. Mnada haujaanza. Mkishapeleka ghalani msubiri mnada, mkiuza msubiri malipo, ni Novemba hadi Desemba huko. Alifanyaje? Mwenyekiti usinisikilize hapa. Alipiga kangomba, yaani aliwauzia walanguzi kwa siri kabla ya mnada (watu: eeeh!). Tunaijua wote, ni kosa kisheria na tunaifanya. Kilo kama 250 kwa 1,500 moja, ikapatikana 375,000 nikaenda chuo. Mwezi mmoja baadaye mnada ukafunguliwa na bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Pigeni hesabu. Cheti kimoja cha kifo ambacho tungekitafuta kwa utulivu, kilitugharimu mkopo wa mwaka mzima na korosho nusu bei juu yake. Mie nikiona mtu anasema tutashughulikia vyeti dirisha likifunguliwa, naumwa tumbo.

Maisha ya mwaka wa kwanza niwaambieni wadogo zangu muyajue, tusidanganyane na picha za kwenye simu. Nilikuwa nabebwa. Kubebwa maana yake hosteli kuna mwenzio ana kitanda na wewe huna, unalala naye kitanda kimoja futi mbili na nusu, mnalala kichwa miguu, na wakija kukagua unajifanya umekuja kuazima daftari. Msichana aliyenibeba alikuwa Mhaya kutoka Bukoba huko, hatujuani, alinikuta nimekaa kwenye ngazi na begi saa mbili usiku. Leo ni dada yangu. Chakula nilikuwa napiga pasi ndefu, yaani chai ya asubuhi unairusha inakwenda kutua usiku, mchana haupo. Na nilikuwa nauza korosho. Mama ananitumia kwa basi kilo tano tano mbichi, nakaanga kwa jiko la yule Mhaya kwa siri maana majiko hayaruhusiwi, nafunga vipakti vya 500 na vya 1,000, napita vyumbani usiku wakati watu wanasoma. Siku za mitihani ndo zinauzika sana. Ila ukweli ni kwamba wenzangu wanasoma na mie nauza, matokeo ya semista ya kwanza nikapata sapu mbili, mitihani ya kurudia. Nilikuwa nusu nidisko, yaani nifukuzwe chuo.

Huwa wanakuja watu kwenye mikutano kama hii wanasema mie nilijisomesha kwa kuuza karanga, na wewe unaweza. Mie sisemi hivyo. Nilijisomesha mwaka mmoja na karibu nifukuzwe. Kujisomesha kunawezekana ila kunakula masomo, kwaiyo hakikisha umebanwa kweli ndo uende huko, usiende kwa sababu ya muhuri.

Mwaka wa pili nikaomba tena kama mwanafunzi anayeendelea, safari hii cheti cha kifo ninacho, kimehakikiwa, kiapo cha majina kipo. Nikapata ya chakula na malazi yote na asilimia 60 ya ada. Bumu, ndo hiyo hela ya chakula na malazi, lilikuwa 8,500 kwa siku, linatoka kwa siku sitini sitini, kwaiyo laki tano na elfu kumi kwa mpigo. Sijawahi kushika hela kama ile. Na mnaukumbuka msimu wa 2018, minada ilivyosimama, serikali ikasema itanunua yenyewe kwa 3,300, uhakiki wa mashamba, na mjomba wangu hela yake ikaja kuingia mwaka mwingine kabisa. Ningekuwa bado nategemea korosho mwaka ule, leo nisingekuwa mbele yenu hapa. Korosho ni nzuri jamani, mwaka 2024 mnada umevuka elfu nne kwa kilo na tukashangilia, ila ada haijui kama mwaka huu mikorosho imepata ugonjwa wa ubwiri unga.

Sa hivi bumu ni elfu 10 kwa siku. Mkopo wenyewe una vipande, kuna ada, kuna chakula na malazi, kuna vitabu na viandikwa, kuna hela ya mafunzo kwa vitendo, na vingine kutegemea na kozi. Mtu anaweza kupata kipande hiki akakosa kile, au akapewa ada asilimia fulani. Kwaiyo ukisikia mtoto wa fulani kapata mkopo usikimbilie kumwambia mzazi sasa umepumzika. Muulize kapata nini. Kuna michango ya chuo haimo, kuna bima ya afya ya mwanafunzi 50,400 kwa mwaka, kuna godoro, kuna nauli ya kwenda Dar na ile barabara ya Somanga ilivyokatika Mei 2024 watoto wakalala njiani, na kikubwa zaidi, bumu la kwanza halikusubiri getini. Wiki kadhaa zinapita. Anayeondoka hapa aondoke na chakula cha mwezi kwenye begi, unga wa muhogo, dagaa, korosho, asione aibu, wale wanaoona aibu ndo wanaokuja kuomba chumvi.

Sasa nani anapewa kipaumbele. Yatima, wa mzazi mmoja au wote wawili. Mwenye ulemavu, au mzazi wake ana ulemavu, hiyo inathibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Na mtoto wa kaya iliyo kwenye TASAF, ule mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hapo mama zangu nisikilizeni vizuri. Kuna mama kaniambia nje hapo, binti yangu mie TASAF naona aibu isijulikane chuoni. Mama! Ile namba ya kaya ndo karatasi pekee ambayo umaskini wako umeshaandikwa na serikali yenyewe, bila wakili, bila nauli ya Masasi. Hiyo usiifiche hata kidogo. Nendeni nyumbani mkaitoe chini ya godoro.

Majina. Narudia majina. Maombi unaomba kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, mfumo unavuta jina lililoko NECTA. Cheti cha kuzaliwa kikisema Somoe na NECTA wakisema Somoye, umeshakwama. Huku kwetu tatizo hili ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri, maana mtoto ana jina la msikitini, ana jina la jando, ana jina alilopewa na bibi, na mwalimu wa darasa la kwanza alijiandikia alivyosikia. Mie nina rafiki yangu ana herufi moja imezidi, H, hiyo H ilimla wiki tatu. Leo ukifika nyumbani toa vyeti vyote vitatu uviweke mkekani, cha kuzaliwa, cha darasa la saba kama unacho, cha kidato cha nne, soma herufi kwa herufi. Kikitofautiana kaape kwa wakili mapema.

Na vyeti vyote, cha kuzaliwa na cha kifo, vinatakiwa uhakiki wa RITA, unaviingiza kwenye mtandao wao, unapewa kontroo namba unalipia, wanakujibu na namba ya uhakiki. Inachukua siku, na wiki ya mwisho nchi nzima inahakiki kwa pamoja, mtandao unazunguka tu kama pangaboi. Fanya sasa hivi wakati hakuna foleni.

La jingine lina uchungu kidogo. Watu wa steshenari. Sisemi wote, wapo wanaosaidia watoto vizuri. Ila kuna mtoto wa hapa hapa mwaka juzi alijaziwa fomu, jamaa akaweka namba yake yeye ya simu na imeili yake yeye kwa sababu mtoto hana simu, paswedi anayo jamaa. Fomu ikaonekana ina kasoro, ukurasa mmoja hauna muhuri wa mtendaji, ikatumwa meseji arekebishe. Meseji imeenda kwa jamaa, na jamaa amejazia watu sitini, hamjui ni nani. Mtoto anakaa nyumbani anasubiri majina. Mpaka leo anaamini aliachwa kwa sababu hana ndugu mkubwa serikalini. Kwaiyo namba iwe yako, ya mama yako, ya jirani yako unayemuona kila siku. Paswedi andika kwenye daftari. Na ukishaisaini na kuiskani, kabla hujabonyeza tuma, hesabu kurasa kwa kidole, mhuri wa mtendaji upo, wa wakili upo, saini yako ipo, ya mdhamini ipo.

Kuna vijana nimewaona pale nyuma mmekuja na bodaboda, na najua hamjamaliza kidato cha sita mwaka huu. Karibuni. Nyie ndo wa kujitegemea kweli, hamna mzazi anayelipa na fomu haina kisanduku cha kusema najisomesha mwenyewe. Mkopo wa Bodi una masharti, umri usizidi miaka 35, usiwe kwenye ajira yenye mshahara, na uwe na sifa za kuingia chuo kikuu. Tangu 2023 kuna mikopo ya diploma pia ila ni kwa fani zilizochaguliwa, afya, ualimu wa sayansi, kilimo na mifugo, na nyingine chache, usije ukasoma diploma yoyote ukasema utapewa. Mie kwa nyie ningesema ukweli tu, kama hujafika huko anza na VETA, chuo cha ufundi, ipo Mtwara ipo Lindi, ada ya kutwa elfu 60 kwa mwaka, bweni laki na ishirini, hiyo bodaboda inalipa. Au kama una vigezo, Chuo Huria wana vituo Mtwara na Lindi, unalipia masomo kidogo kidogo kadri unavyochukua na kazi yako unaendelea nayo. Watu wanachukua miaka mingi kumaliza, ndio, lakini halali mtu kitanda cha mwenzie. Aliyepata alama za juu kabisa za sayansi kidato cha sita kuna ufadhili wa Samia, ule haurudishwi, ila hao ni wachache na walimu wao wanawajua.

Mkopo huu mwingine unarudishwa. Shangazi mmoja kaniuliza kama ni hela ya serikali si ya wote? Ni deni, shangazi. Ukimaliza una miaka miwili ya kupumua, ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani kila laki elfu 15 inaondoka. Zamani kulikuwa na asilimia 6 ya kulinda thamani ya deni, unalipa unalipa deni linakua, wenzetu walilia sana, hiyo imefutwa 2021. Mie binafsi nakatwa na sijisikii vibaya. Ila nakasirika nikikumbuka kwamba mwaka wa kwanza nilikosa, nikalipa kwa korosho za kangomba, hilo deni hakuna anayenirudishia.

Sasa nimalizie na nyie wazazi, na hapa najua nitaonekana mtoto asiye na adabu. Desemba hela ya korosho ikitoka, ngoma zinalia huku kila upande. Unyago, jando, mbuzi, maturubai, muziki wa kukodi, sare za kina shangazi. Mie mwenyewe nimechezwa na sijutii, siongelei kuacha mila. Naongelea kwamba sare moja ya vitenge inatosha kiapo, uhakiki wa vyeti, ada ya maombi na nauli ya kwenda na kurudi wilayani, na bado inabaki ya soda. Wakati wangu ada ya maombi ilikuwa elfu 30. Mama yangu aliiona ile elfu 30 kubwa kuliko mlima, na mwezi wa kumi na mbili uliopita tulichanga elfu 40 ya sare. (Hapa kina mama wakaguna, na mama yangu mwenyewe alikuwa amekaa mstari wa pili, akafunika uso na mtandio akicheka.)

Mwenyekiti wa chama, ombi langu kwako ni moja na nimeshakuambia ofisini, nalirudia mbele ya wanachama. Mwezi wa sita wa saba mkulima hana hela, hela yake yote ipo mtini na kwenye salfa, dawa ya mikorosho. Chama kinakopesha pembejeo na kukata msimu ukifika. Kikopeshe na karatasi. Mtoto mmoja kwa hesabu yangu laki moja haimalizi, mwaka huu kijiji hiki mna vijana kumi na tisa waliofanya mtihani, nimewahesabu. Milioni moja na laki tisa, mnakata kwenye malipo ya kwanza ya mnada, kila mzazi wa kwake. Mkutano mkuu wenu ni lini? (Mwenyekiti akajibu tarehe 28.) Tarehe 28 nitakuja, nitakaa nje kama sio mwanachama, lakini nitakuja.

Basi. Mtendaji yupo hapa na muhuri wake, nimemuomba akae mpaka saa kumi. Wakili amepanda kutoka Masasi, anakaa meza ile ya karibu na mizani, leo anaapisha bure kwa tofauti ya majina tu, msimletee kesi za mashamba. Waliofiwa na baba au mama na hawana cheti waanze wao, mstari wa kushoto, mje na jina la marehemu kamili kama lilivyo kwenye cheti chako cha kuzaliwa na kama lilivyokuwa linaitwa kijijini, yote mawili. Wenye TASAF kulia kwa mdogo wangu pale. Wa bodaboda nisubirini nje kwenye mwembe, nakuja.